Kimya cha Kinyozi

Chumba kilikuwa kimoja, kazi mbili. Upande wa kulia wa mlango mume alinyoa. Upande wa kushoto mke alitengeneza saa. Katikati lilining'inia pazia la plastiki, ili nywele zisiruke zikaingia ndani ya saa za watu. Watu wa mtaa walimwita mume Baba Pacha na mke Mama Pacha. Pacha wenyewe, wasichana wawili, walikuwa shule ya bweni, na chumba chao nyumbani kilikaa kitupu mpaka likizo.

Mama Pacha alikuwa na tabia iliyowachosha wengine na kumfurahisha yeye. Alipenda kuuliza. Mtu akileta saa iliyosimama, alitaka na habari zake. Ilisimama lini? Uliivaa ukioga? Uliisahau juani? Wengine walijibu. Wengine waliguna wakasema, "Fundi, nimeleta saa, sikuja mahakamani." Hakuudhika. Kabla ya kufungua saa yoyote aliiweka sikioni akaisikiliza kwanza.

Basi mwanamke huyu mwenye sikio kali aliolewa na mtu anayekoroma. Na si kukoroma kwa mchezo. Baba Pacha akikoroma, vikombe vilicheza kabatini. Hapo nimetia chumvi, lakini si nyingi. Jirani wa ukuta wa pili aliwahi kubisha hodi asubuhi akauliza, kwa adabu zote, kama wamenunua jenereta. Mwishowe Mama Pacha alichukua mto wake akahamia chumba cha pacha. Hawakugombana. Mume alicheka, akasema, "Nenda mke wangu, angalau mmoja wetu alale."

Maana yeye mwenyewe hakuwa analala, au ndivyo alivyojiona. Aliingia kitandani mapema, akaamka amechoka kama aliyebeba mizigo usiku kucha. Asubuhi kichwa kilimuuma na mdomo ulikuwa mkavu. Mchana alisinzia. Akaenda zahanati akamwambia daktari, "Sipati usingizi." Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Daktari aliuliza maswali mawili matatu, akamwandikia vidonge vya usingizi, kimoja kila usiku kwa wiki mbili, kisha arudi aonwe tena. Hakuulizwa kama anakoroma, wala yeye hakusema. Kwake kukoroma hakukuwa ugonjwa. Kulikuwa jambo la kuchekwa.

Hakurudi. Vidonge vilipokwisha alikwenda duka la dawa na karatasi ileile, akauziwa vingine. Uchovu haukuondoka, akajiongezea, vikawa viwili. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Lakini kuna jambo moja lililowafurahisha. Kelele zilipungua! Akiwa chumba cha pacha, Mama Pacha alimsikia mumewe akikoroma kidogo, kisha kimya. Kimya kirefu, kizuri. Kisha akakoroma tena kidogo, kisha kimya. Jirani naye akawaambia mlangoni, "Mungu awabariki, siku hizi hata sisi tunalala." Mama Pacha akaona kumbe dawa ni kiboko. Akalala usingizi wa pono.

Jumatatu moja alikuja muuguzi wa hospitali kubwa. Alileta saa ndogo ya kubandika kifuani kwa pini. Ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda tena.

"Sista, ngoja nikuulize," akasema Mama Pacha, saa ikiwa sikioni. "Kwa nini ninyi wote mnavaa saa zenye mshale wa sekunde? Wenzenu siku hizi hata saa hawavai, wana simu."

"Tunahesabu mapigo ya moyo. Na pumzi."

"Pumzi nazo mnazihesabu?"

"Sana tu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika. Zikiwa chache mno au nyingi mno, tunashtuka."

"Na mwenyewe anajua kama unamhesabia?"

"Ukimwambia, anaharibu," akacheka muuguzi. "Atavuta kwa makini kama anapigwa picha. Unamhesabia kimyakimya."

Mama Pacha alilipenda jambo hilo. Miaka yote ametengeneza saa, hajawahi kufikiri kwamba mtu naye anaweza kupimwa hivyo, kwa kumtazama tu. Akamwambia muuguzi arudi kesho mchana.

Kesho yake asubuhi ndipo damu ilipowaganda.

Kwenye kiti alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi. Kiti kimelazwa nyuma, kidevu kimejaa povu la sabuni. Baba Pacha alikuwa akimnyoa kwa wembe. Nyuma ya pazia Mama Pacha alikuwa amezoea sauti ya wembe kwenye ndevu. Mara sauti ikakatika. Akasubiri. Haikurudi. Akainua kichwa.

Mumewe alikuwa amesimama wima, macho yamefumba. Wembe ulikuwa kooni kwa mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekodoa macho darini, hathubutu hata kumeza mate.

Mama Pacha alitaka kupiga kelele, akajizuia. Angemshtua, na mkono ungeruka. Alivuta hatua tatu, akakishika kifundo cha mkono wa mumewe kwa nguvu, akauinua taratibu. Ndipo alipomwita kwa sauti ya chini, "Baba Pacha."

"Eh? Nipo, nipo," akasema, akifumbua macho.

Mwalimu aliinuka, shavu moja jeupe kwa povu. Alijifuta mwenyewe kwa taulo. "Upande huu nitaumalizia nyumbani," akasema. "Wewe nenda kalale, kijana wangu."

Mwalimu alipoondoka, Baba Pacha alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. Aliona haya. Miaka ishirini na mitatu ya kazi, na hajawahi kumkata mtu zaidi ya mkwaruzo.

"Nimefumba macho kidogo tu," akasema.

"Ulikuwa umelala umesimama, baba wee. Na wembe mkononi."

"Basi ni kwamba usingizi hautoshi. Vidonge viwili havinitoshi. Leo usiku nitakunywa vitatu, nilale fofofo, kesho niwe mtu."

Mama Pacha alirudi nyuma ya pazia. Jambo hilo halikumkaa sawa, ila hakujua kwa nini. Na yeye kitu asichojua sababu yake humkera kama jiwe kiatuni.

Mchana walifunga mlango wapumzike. Baba Pacha alijilaza kwenye kiti cha kunyolea, na haikupita dakika akapotelea usingizini. Mama Pacha alikuwa ameshamaliza saa ya muuguzi. Ilikuwa na vumbi kwenye magurudumu, basi. Ilibaki kuijaribu. Akakumbuka habari ya pumzi. Akavuta kigoda mpaka karibu na kiti, akakaza macho kwenye kifua cha mumewe na kwenye mshale wa sekunde.

Moja. Mbili. Tatu. Mumewe akaanza kukoroma. Nne. Tano.

Kisha kimya. Mshale ukaendelea. Sekunde kumi. Ishirini. Mama Pacha akakunja uso. Thelathini. Mshale ukapita thelathini na tano, na hakujasikika hata pumzi moja.

Unadhani aliwaza nini? Fundi ni fundi. Alisema moyoni, "Saa hii inakimbia. Sijaitengeneza sawa." Akarudi mezani kwake mbio, akaifungua, akaichungulia kwa lenzi. Haina kasoro. Akaiweka kando ya saa ya ukutani na saa yake ya mkononi. Zote tatu zilikwenda pamoja, sekunde kwa sekunde.

Akarudi kigodani. Safari hii aliwasha simu irekodi sauti, akaiweka juu ya bega la mumewe. Akahesabu upya. Mumewe alikoroma mara nne, akanyamaza. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama, lakini hewa haikuingia. Alipoweka kiganja mbele ya pua hakuhisi kitu. Sekunde arobaini na moja! Kisha mumewe akashtuka, akakorota kama anayetoka ndani ya maji, akavuta hewa kwa nguvu, akaendelea kulala.

Mama Pacha akaelewa. Kile kimya alichokuwa akikisikia usiku, kimya kirefu, kizuri, kilichomfanya jirani atoe shukrani, kilikuwa hiki. Miezi mitatu alilala chumba cha pili akikifurahia. Aliogopa kuliko alivyoogopa asubuhi.

Akamtikisa. "Amka! Amka, Baba Pacha, huvuti pumzi!"

"Mama Pacha," akasema mumewe, jicho moja wazi, "nikikoroma kosa, nikinyamaza kosa. Nifanyeje sasa, niimbe?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukagongwa. Alikuwa muuguzi.

Mama Pacha hakumpa saa. Alimpa kigoda. Akamweleza yote: kukoroma, uchovu, vidonge, wembe, sekunde arobaini na moja. Muuguzi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akamgeukia Baba Pacha.

"Baba, nadhani koo lako linaziba ukilala. Daktari ndiye atakayethibitisha kwa kipimo, lakini dalili zote mkeo amezitaja. Kichwa asubuhi, mdomo kukauka, kusinzia mchana."

"Linazibwa na nini? Mimi sina kidonda cha koo."

"Halizibwi na kitu. Linajikunja lenyewe. Ulishawahi kunywa soda kwa mrija wa karatasi uliolowa? Ukivuta, kuta zake zinagusana, hakipiti kitu. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine inalegea sana mpaka njia ya hewa inafungika."

"Sista, mtu akikosa pumzi si anakufa? Mimi niko hapa nazungumza."

"Uko hapa kwa sababu ubongo wako unagundua hewa imepungua, unakuamsha. Unaamka kidogo tu, hata hukumbuki. Unavuta hewa, unalala, koo linaziba tena. Wengine hufanya hivyo mara nyingi kila saa, usiku kucha. Ndiyo maana unaamka umechoka. Si kwamba saa za kulala ni chache. Ni kwamba usingizi wako umekatwakatwa. Na moyo nao unaumia, presha inapanda."

Mama Pacha alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti chake. "Lakini hivi vidonge, Sista, si vinamlaza? Kwa nini vimzidishie?"

"Swali zuri. Dawa nyingi za namna hii zinaweza kulegeza misuli zaidi, na koo ni misuli. Halafu zinaupoza ubongo. Huyo mlinzi anayemwamsha hewa ikikosekana, naye mmemlewesha. Kwa hiyo anachelewa kuamsha, na kimya kinarefuka. Pombe nayo ni hivyohivyo. Na dawa ya usiku inaweza kubaki mwilini mpaka asubuhi, wakati ameshika wembe."

"Kumbe dawa za usingizi ni sumu!"

"Hapana, usiseme hivyo. Zina kazi yake. Hazifanani zote, na watu hawafanani. Daktari akijua kwamba mtu pumzi inamkatika, anaweza kuchagua dawa nyingine, au tiba isiyo dawa kabisa. Shida ni kwamba daktari wenu hakujua."

Baba Pacha akaguna. "Basi dawa yake ni rahisi. Navitupa vyote chooni sasa hivi, tumemaliza."

"Hapo napo ni pabaya," akasema muuguzi, na sasa hakuwa akitabasamu. "Umevinywa miezi mitatu. Ukiviacha ghafla, mwili unaweza kukugeuka. Utakosa usingizi kabisa, utatetemeka, wengine wanapata hata degedege. Usiongeze cha tatu, na usiache peke yako. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo. Twende leo, si kesho. Wembe usiushike kwanza."

"Leo nina wateja." Baba Pacha alikuwa na kichwa kigumu kwelikweli. "Na kwetu tunakoroma ukoo mzima. Marehemu baba alikoroma, babu alikoroma."

Mama Pacha hakubishana. Alichukua simu. "Sikiliza," akasema.

Sauti ikajaa chumbani. Baba Pacha aliposikia kukoroma kwake mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. "Jirani hakukosea! Hili ni jenereta kweli!"

"Sasa tucheze mchezo," akasema muuguzi. "Pumua pamoja na huyo wa kwenye simu. Akinyamaza, na wewe bana pumzi. Akivuta, vuta."

Baba Pacha alipenda michezo. Akakaa sawa. Simu ikakoroma, ikanyamaza. Akabana pumzi, akiwakonyeza. Muuguzi aliichukua mezani saa yake iliyotoka kutengenezwa, akaitazama. Sekunde kumi, bado anakonyeza. Sekunde kumi na nane, ameacha kukonyeza. Ishirini na mbili, mishipa ya shingo imemtoka. Ishirini na sita, akashindwa, akaachia, akahema kama aliyepandishwa ngazi.

Simu ilikuwa bado kimya.

Wote watatu waliitazama. Baba Pacha alipumua mara moja, mara mbili, mara tatu, na kwenye simu hakuna kitu. Aliinamia karibu nayo. "Vuta basi," akaiambia kwa sauti ndogo, kama anamsihi mtu. "Vuta bwana." Ndipo simu ikakorota na kuvuta hewa kwa kishindo.

Hakucheka tena. Jasho jembamba lilimtoka.

"Yule ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, mume wangu."

"Na mimi leo nilitaka kunywa vitatu." Akavua koti lake la kazi. "Funga duka, Mama Pacha."

Daktari wa hospitali kubwa alianza na kumuuliza mke. "Mtu hajioni akilala," alisema. "Shahidi ni anayelala karibu." Alipima shingo ya Baba Pacha kwa utepe, akapima presha, ikawa juu. Kwa usiku mmoja alimpa vifaa vidogo vya kulala navyo nyumbani, kimoja cha kidoleni na kingine cha kifuani. Majibu yalipotoka, pumzi ilikuwa imekatika au kupungua mara thelathini na nane kila saa. Mama Pacha aliuliza maswali mpaka daktari akavuta kiti akakaa vizuri.

Tiba ilikuwa mashine ndogo yenye bomba na barakoa. Inasukuma hewa taratibu ili koo lisijikunje. Vidonge daktari alivipunguza kwa wiki kadhaa, kidogo kidogo, na kila safari alimwita amwone. Alimwambia alale ubavu, asinywe pombe, apunguze uzito. Alimwambia pia, akienda kwa daktari yeyote, duka lolote la dawa, au akitaka kufanyiwa operesheni, aanze kwa kusema, "Mimi pumzi hunikatika nikilala." Wembe na usukani alizuiwa mpaka aache kabisa kusinzia mchana.

Mwanzo haukuwa rahisi. Akivaa barakoa alijiona kama mtu wa zimamoto. Aliivua usingizini bila kujua. Tena ilivuja, ikipiga mluzi mwembamba, hewa ikimwingia machoni. Alitaka kuirudisha. Mama Pacha akamwambia alale ameivaa, akasogeza sikio, akaufuata ule mluzi polepole kuzunguka uso wa mumewe mpaka akaufikia. Ulikuwa unatoka kwenye masharubu! Masharubu yale manene aliyoyalea tangu ujana yaliizuia barakoa kukaa sawa.

"Hayo hapana," akasema Baba Pacha.

"Kwa nini?"

"Ndiyo tangazo la duka."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alisimama mbele ya kioo na mashine yake ya kunyolea, akajinyoa mwenyewe. Mluzi ukakoma.

Wiki zikapita. Presha ikaanza kushuka, kusinzia mchana kukaisha, na daktari akamruhusu kushika wembe tena. Mwalimu mstaafu alirudi, akatazama kiti, akamtazama kinyozi, akakaa.

Kisha ikaja asubuhi moja. Mama Pacha alikuwa jikoni anachemsha chai. Mumewe akatokea mlangoni, alama za barakoa bado zipo shavuni, macho maangavu.

"Nimeota," akasema.

"Umeota nini?"

"Ndoto, Mama Pacha! Nimeota ndoto! Nilikuwa nanyoa kondoo. Wamepanga foleni mpaka barabarani, kila mmoja ana gazeti anasoma. Mmoja akataka apakwe poda..." Akasita. Uso ukabadilika. "Unajua tangu lini sijaota? Mimi nilidhani watu wazima hawaoti. Nilidhani ni mambo ya watoto."

Mama Pacha alizima jiko. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha. Mtu huyu alikuwa anaondoka kidogo kidogo, na nyumba nzima ilikuwa inafurahia kimya.

Akavuta kiti, akamkalisha mumewe, akakaa mbele yake.

"Huyo aliyetaka poda," akasema, "nieleze vizuri. Alisemaje?"

Siku hiyo duka lilifunguliwa saa nne. Wateja walioulizia sababu walijibiwa kwamba kinyozi alikuwa anasimulia, na fundi alikuwa bado hajamaliza maswali.